Mahali pa Jicho: Mistari, Kina na Milima ya Mbooni

Karatasi ina urefu na upana tu. Kina, yaani umbali unaotoka usoni pa mtazamaji kwenda mbele, hakina pa kukaa juu yake. Hata hivyo mchoraji akichora njia inayopungua upana kadiri inavyopanda karatasi, macho huiona ikienda mbali, na hata tukijikumbusha kwamba huo ni wino tu, umbali ule haufutiki. Ufundi huo, mtazamo wa mistari, umekuwa ukihukumiwa kwa namna mbili zinazopingana. Wapo wanaosema ni sheria ya maumbile iliyogunduliwa Ulaya, na kwamba sanaa isiyoifuata bado haijakomaa. Wapo wanaosema ni desturi ya Ulaya tu, nasi tunaiona kuwa kweli kwa sababu tulilelewa nayo shuleni. Pande zote mbili zinapitwa na jambo la msingi: picha ya mtazamo wa mistari, kabla ya kutueleza lolote kuhusu vitu, hutueleza jicho lilisimama wapi. Kina tunachokiona ndani yake huzaliwa na kufungwa kwa jicho hilo mahali pamoja. Jambo hili hupimika vizuri katika nchi isiyo na njia zilizonyooka, na milima ya Mbooni katika Kaunti ya Makueni nchini Kenya, ulipo mji mdogo wa Kikima, ni nchi ya namna hiyo.

Tuanze na utaratibu wenyewe. Nuru hutoka kwenye kila kitu na kufika jichoni kwa mistari iliyonyooka. Tukisimamisha kioo cha dirisha kati ya jicho na kitu, kila mstari wa nuru utakipenya kioo mahali pamoja tu, na tukitia alama kila unapopenya tutapata picha. Hesabu yake haina siri: ukubwa wa alama hupungua kwa kadiri ileile umbali unavyoongezeka. Kioo kikiwa mita 1 kutoka jichoni, mtu wa mita 1.7 aliye umbali wa mita 10 atachukua sentimita 17 juu ya kioo. Akiwa mita 20 atachukua sentimita 8.5, na akiwa mita 40, sentimita 4 na ushei. Tazama jinsi upungufu ulivyo mkali mwanzoni na mpole baadaye: akirudi nyuma kutoka mita 10 hadi 20 hupoteza nusu nzima ya kimo chake, lakini akirudi kutoka mita 40 hadi 50 hupoteza chini ya sentimita 1. Ndiyo maana mchoraji anayepunguza miti yake kwa vipimo vilivyo sawa hupata picha inayoonekana kuwa na kasoro, hata mtazamaji asipoweza kuitaja. Jicho limezoea mwendo wa upungufu huo maisha yote, ingawa halijawahi kuuandika kwa tarakimu.

Kutoka kwenye hesabu hiyo hufuata kanuni mbili ambazo vitabu vya shule huzifundisha kama amri. Ya kwanza ni kwamba mistari inayoenda sambamba kuelekea mbali huonekana kukutana kwenye nukta moja, nukta ya kutoweka, kwa sababu nafasi iliyo kati yake hupungua pamoja na kila kitu kingine. Ya pili ni kwamba mistari yote iliyolala sawa na usawa wa maji, haidhuru ielekee wapi, hukutania kwenye mstari mmoja, upeo wa macho, na upeo huo katika picha hukaa palepale kilipo kimo cha jicho la mtazamaji. Watu wenye kimo sawa na chake wakisimama kwenye uwanja tambarare, wawe mita 5 au 500 kutoka kwake, upeo utawapitia wote machoni. Akiketi kwenye kiti, utawapitia kifuani. Mchoraji akiusogeza upeo, hajaisogeza dunia. Amemsogeza mtu anayeitazama. Hapo ndipo mahali pa jicho panapoanza kuonekana ndani ya picha, hata kama hakuna mtu aliyechorwa.

Mfano wa kawaida wa kufundishia ni njia iliyonyooka katikati ya karatasi, miti pande zote mbili, na mlima mwisho wake. Mfano huo ni rahisi mno, na urahisi wake umewapotosha wengi wakadhani mtazamo ni suala la rula. Anayetazama Mbooni hapati njia ya namna hiyo. Anapata barabara zinazojikunja, miteremko inayokatana, na juu ya miteremko hiyo matuta ya kuzuia mmomonyoko, safu juu ya safu. Mteremko haujalala kwa usawa wa maji, kwa hiyo njia inayopanda hukutania juu ya upeo na inayoshuka hukutania chini yake. Mwanafunzi anayelazimisha kila mstari uishie kwenye upeo hulibomoa bonde lake mwenyewe. Lakini tuta ni kitu cha pekee. Limekaa mlimani, ila limepimwa kwa usawa, mara nyingi kwa kamba yenye pima maji katikati, ili maji yasikimbilie upande mmoja. Kwa hiyo kila tuta, lipinde litakavyo, ni mstari wa usawa uliochorwa juu ya ardhi kwa jembe.

Matokeo yake ni somo kamili la mtazamo ambalo halihitaji barabara. Mtu akisimama kwenye mlima mmoja akatazama mlima wa ng'ambo, tuta lililo kwenye kimo kilekile cha jicho lake ataliona kama mstari ulionyooka, hata kama katika shamba lenyewe linazunguka kila kijikorongo, kwa sababu pointi zake zote ziko kwenye upeo. Matuta yaliyo juu ya kimo hicho huinuka pale mlima unapojitokeza kumkaribia na kushuka pale unaporudi nyuma. Yaliyo chini hufanya kinyume chake. Umbo zima la mlima, migongo na makorongo yake, husomeka kwenye mipindo hiyo peke yake bila kivuli wala rangi. Tena, matuta ya mbali hubanana na ya karibu huachana, hivyo msongamano wake wenyewe ni kipimo cha umbali. Wataalamu wa uhifadhi wa udongo duniani hutumia hadi leo jina la Kiswahili, fanya juu, kwa aina ya tuta iliyoenea Ukambani, nchi ya Wakamba ilipo milima hii, kuanzia miaka ya 1950, ambapo mkulima huchimba mtaro na kuutupa udongo upande wa juu. Mchoraji angeweza kulitumia jina hilohilo kwa mistari inayoonyesha kina bora kuliko reli yoyote.

Historia ya ufundi huu inathibitisha kwamba kiini chake kilikuwa jicho moja mahali pamoja. Msingi wa kisayansi uliwekwa na Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi Cairo, ambaye katika kitabu chake cha macho na nuru, mapema katika karne ya 11, alieleza kwamba tunaona kwa nuru inayotoka kwenye vitu kuja jichoni, si kwa miali inayotoka jichoni. Kitabu hicho kilitafsiriwa kwa Kilatini na kusomwa Ulaya kwa karne kadhaa. Mwanzoni mwa karne ya 15, huko Florence, Filippo Brunelleschi alichora jengo la ubatizo la mji huo juu ya ubao mdogo, akautoboa tundu, na kumtaka mtazamaji achungulie kutoka nyuma ya ubao huku ameshika kioo mbele kinachoakisi mchoro. Picha ilionekana kama jengo lenyewe. Mwaka 1435 Leon Battista Alberti aliandika kanuni za ufundi huo, akaifananisha picha na dirisha lililo wazi. Kufikia hapo Masaccio alikuwa amekwisha kuchora, mnamo 1427, Utatu Mtakatifu kwenye ukuta wa kanisa la Santa Maria Novella, ambapo dari lenye upinde linaonekana kuingia ndani ya ukuta. Kinachosahaulika mara nyingi ni lile tundu la Brunelleschi. Hakulitoboa kama pambo. Alijua kwamba bila kulifunga jicho moja na kuliweka jingine mahali hasa, mazingaombwe yangepungua.

Ushahidi mwingine wenye nguvu umo Ukambani kwenyewe, nao haukutoka kwa wachoraji. Kamera ni mashine ya kutengeneza mtazamo wa mistari: nuru hupita tundu moja na kuangukia bapa. Mwaka 1937 afisa wa kilimo R. O. Barnes alipiga picha za ardhi iliyokuwa imeharibika kwa mmomonyoko katika hifadhi ya Wakamba ya Machakos, ambayo wakati huo ilijumuisha Makueni ya leo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walipokuwa wakiandaa utafiti uliotoka mwaka 1994, mahali kadhaa alipokuwa amesimama Barnes palitafutwa na picha zikapigwa upya. Palipokuwa na makorongo matupu palionekana matuta, miti na mashamba, ingawa watu walikuwa wameongezeka mara kadhaa. Kazi ya namna hiyo huwezekana kwa sababu ya sheria tunayoichambua: ukisogea hatua chache kando, mgongo wa mlima wa karibu utauficha wa mbali kwa namna tofauti, na picha mbili hazitalingana. Milima inayopangana kwenye picha ya zamani humwongoza mpigapicha hadi mahali pa jicho la kwanza. Ufundi unaoitwa wa kudanganya macho hugeuka, ukisomwa kinyumenyume, kuwa kipimo cha kuaminika.

Lakini mfano huohuo unafichua mpaka wake. Picha za 1937 zilikuwa kweli kwa kila mstari, na bado zilikuwa hoja ya upande mmoja. Zilipigwa wakati serikali ya kikoloni ikijenga kesi kwamba Wakamba wana mifugo kupita kiasi. Mwaka uliofuata ng'ombe wao walipoanza kutwaliwa kwa nguvu, maelfu waliandamana hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu. Aliyechagua pa kusimama alichagua pia kitakachoonekana. Mtazamo wa mistari hausemi uongo kuhusu kilicho mbele ya jicho, ila haumwambii mtazamaji kwa nini jicho liliwekwa hapo na si kwenye mlima wa pili. Anayeuita sheria ya maumbile tu hukosa kuuliza swali hilo.

Sasa tuwasikilize wanaosema huu ni mkataba wa kitamaduni. Erwin Panofsky, mwanahistoria wa sanaa wa Ujerumani, aliandika mwaka 1927 kwamba mtazamo wa mistari ni namna ya zama fulani ya kuifikiri nafasi, na Nelson Goodman, mwanafalsafa wa Marekani, alikwenda mbali zaidi mwaka 1968 akisema picha husomwa kwa mazoea kama maandishi yanavyosomwa. Afrika iliitwa kutoa ushahidi. Mwaka 1960 William Hudson alichapisha matokeo ya majaribio aliyoyafanya Afrika Kusini kwa mchoro wa mwindaji mwenye mkuki, swala aliye karibu naye, na tembo mdogo aliyechorwa kati yao ili aonekane yuko mbali. Aliyesema tembo yuko karibu na mwindaji kuliko swala alihesabiwa kwamba haoni kina. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Philip Kilbride na Michael Robbins walitumia michoro ya aina hiyo kwa Baganda nchini Uganda, wakaona kwamba waliosoma na wanaoishi mjini walitoa majibu ya kina mara nyingi zaidi. Mwaka 1966 Marshall Segall na wenzake, waliokuwa wamewapima pia Banyankole na Batoro, walipendekeza kwamba wanaoishi katikati ya kuta na pembe zilizochongwa na maseremala huelekea zaidi kudanganywa na mistari fulani kuliko wanaoishi penye maumbo ya mviringo.

Hoja hiyo si ya kupuuzwa, ila ushahidi wake haubebi uzito uliowekwa juu yake. Mchoro wa Hudson ulikuwa mistari michache mitupu, bila ukungu wa mbali, bila nyasi zinazosongamana, bila kivuli. Uliacha dalili mbili tatu tu za kina, kisha ukamuuliza mtu swali linaloweza kujibiwa kwa kupima karatasi: nani yuko karibu na nani? Anayejibu kwamba tembo yuko karibu anaweza kuwa anazungumzia karatasi iliyo mkononi mwake, na kuhusu karatasi amesema kweli. Dalili zilipoongezwa, majibu ya kina yaliongezeka. Jan Deregowski na wenzake waliwapelekea Wame'en wa Ethiopia, mwaka 1972, picha za wanyama zilizochapwa kwenye kitambaa, na watu ambao karatasi ilikuwa ngeni kwao waliwatambua wanyama, hata kama kwa kusitasita. Mwaka 2015 wanasayansi waliripoti habari za watoto wa India waliozaliwa vipofu na kuonyeshwa mistari ya udanganyifu mara tu baada ya upasuaji. Walidanganyika kama wengine, kabla ya kuwa na muda wa kujifunza desturi ya mtu yeyote. Kwa hiyo tutenganishe mambo mawili. Uwezo wa jicho kupokea dalili za kina hauhitaji shule. Kinachojifunzwa ni kukubali mchezo: kuichukulia karatasi kama dirisha, na kukubali kusimama pale mchoraji alipotuweka. Shule hufundisha hilo, na ndilo lililopimwa Uganda.

Pingamizi la pili linatoka upande wa macho yenyewe. Mtu ana macho mawili yaliyoachana kwa sentimita 6 hivi, nayo hayatulii, na kichwa chake kinageuka. Mtazamo wa mistari unamchora mtu asiyekuwepo: mwenye jicho moja, asiyepepesa, aliyepigiliwa mahali. Ni kweli, na ndiyo sababu picha haitushawishi kikamilifu: macho mawili hugundua mara moja kwamba bapa ni bapa. Ila kwa umbali mkubwa tofauti kati ya macho mawili huwa ndogo mno kusaidia, na mwili ukitulia hakuna msogeo wa kulinganisha. Kutoka Mbooni ukitazama mashariki kuelekea Mto Athi na Kitui iliyo ng'ambo yake, kina unachokipata hakitokani na macho mawili. Kinatokana na mgongo mmoja kuuziba mwingine, na rangi kufifia kuelekea bluu ya ukungu, na mashamba kusongamana hadi yasitofautike. Dalili hizi zote huingia kwenye picha bila kupungua. Mistari inayokutana ni moja tu kati ya dalili hizo, na katika nchi ya milima si ile yenye nguvu kuliko zote.

Tukishaelewa hivyo, hukumu ya kwamba sanaa isiyofuata mistari haijakomaa hubaki bila mguu wa kusimamia. Sam Ntiro, Mchaga wa Machame, alisoma Makerere na kisha shule ya sanaa ya Slade jijini London katikati ya miaka ya 1950. Kanuni za Alberti hazikuwa ngeni kwake. Hata hivyo alichora vijiji vya Kilimanjaro kana kwamba ardhi imeinuliwa imkabili mtazamaji, watu wa mbali wakionekana wazi kama wa karibu. Mchoro wake wa mwaka 1956 wa wanaume wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku umo katika Jumba la Sanaa za Kisasa la New York. Alichotaka kuonyesha kilikuwa kazi ya watu wengi kwa pamoja, na mtazamo wa jicho moja ungewafanya wa mbele kuwa wakubwa na wa nyuma kuwa vitone. Kivuthi Mbuno, aliyezaliwa Mwingi, Kitui, mwaka 1947, na aliyewahi kuwa mpishi wa safari za wageni, huchora kwa wino na kalamu za rangi watu na wanyama wenye miili iliyorefushwa. Ukubwa wa kiumbe katika dunia yake hutokana na nafasi yake katika hadithi kuliko umbali wake. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za mafuta juu ya mbao za dari, alimtoa mnyama katika nafasi yoyote na kumweka peke yake mbele ya macho.

Mapambo ya zamani ya Ukambani yana sababu zake pia. Kibuyu kilichochorwa kwa ncha ya moto huzungushwa mkononi, na kiondo hutazamwa kutoka kila upande. Hakuna mahali pamoja pa kuliweka jicho, basi mtazamo wa mistari hauna pa kuanzia. Kinyago cha Wamunyu, mahali ambapo Mutisya Munge alianzisha uchongaji wa kuuza aliporudi kutoka Tanganyika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kimebeba kina chake halisi cha mti na hakihitaji kuazima cha mistari. Kuviita vyote hivi visivyokomaa kwa sababu havina nukta ya kutoweka ni kulalamika kwamba vimekataa kujibu swali ambalo havikuulizwa.

Hili lisigeuzwe kuwa sababu ya kuuacha mtazamo wa mistari. Swali unalolijibu, mtu aliyesimama hapa anaona nini, ni swali kubwa. Fundi anayetaka mteja aione nyumba kabla haijajengwa anauhitaji, mpigapicha anayetaka kuthibitisha mabadiliko ya ardhi anauhitaji, na mchoraji anayetaka tusimame naye mahali fulani hana njia nyingine iliyo sahihi kuliko hii. Kinachohitaji kubadilika ni namna unavyofundishwa. Mwanafunzi wa Kikima anayeanzishwa na barabara ya rula na miti inayopungua hujifunza kunakili picha ya mahali ambapo hajawahi kufika, na huachwa akidhani kwamba milima yake haichoreki. Akianzishwa na upeo wa macho, akatafuta tuta la ng'ambo linaloonekana limenyooka, akapanda mteremko na kuona jinsi tuta jingine lililo juu zaidi linavyochukua nafasi ya lile la kwanza, atakuwa ameishika kanuni nzima kabla ya kushika rula. Muhimu kuliko hilo, atakuwa ameelewa kwamba mstari ule ulionyooka haukuwa mali ya mlima. Ulikuwa taarifa kuhusu yeye, na akisogea utasogea naye. Mtu aliyelielewa hilo ataweza kuisoma picha yoyote, iwe ya Masaccio, ya afisa wa kikoloni au ya gazeti la leo, akianza na swali linalostahili kutangulia mengine yote: aliyeitengeneza alisimama wapi, na kwa nini anataka nami nisimame hapo?